Intaneti ya Kebo Ikisumbua: Soma Namba za Modemu Kabla ya Kugusa Chochote

Intaneti ya kebo ikianza kukatika, wengi wetu hukimbilia kuzima modemu na kuiwasha tena. Ikirudi tunashukuru, ikikatika tunarudia. Lakini kila ukiizima unafuta ushahidi, maana hesabu za makosa zilizokuwa zimejikusanya tangu ilipowashwa huanza upya kwenye sifuri. Modemu ya kebo hujipima yenyewe usiku na mchana, na kwenye modemu nyingi vipimo hivyo viko wazi kwa yeyote anayejua pa kuviangalia. Anayeweza kuvisoma hutambua mapema kama kosa liko kwenye Wi-Fi yake, kwenye konekta iliyolegea nyuma ya kabati, au huko nje kwenye nguzo.

Kwanza, signali inapita wapi

Mitandao ya kebo ilijengwa kwa ajili ya televisheni, na televisheni ilihitaji signali iende upande mmoja tu, kutoka kituoni hadi nyumbani. Intaneti inahitaji njia ya kurudi pia. Mwaka 1997 taasisi ya CableLabs ya Marekani ilitoa toleo la kwanza la DOCSIS, kanuni zinazowezesha modemu ya kiwanda chochote kuzungumza na mtambo wa kampuni yoyote inayozifuata. Toleo la 3.0 lilikuja 2006, la 3.1 mwaka 2013, kisha likafuata la 4.0.

Kutoka kituo kikuu data husafiri kama mwanga ndani ya faiba hadi kwenye nodi ya mtaa. Nodi hugeuza mwanga huo kuwa signali ya redio na kuiingiza kwenye kebo ya koaksi yenye ukinzani wa ohm 75. Njiani kuna amplifaya zinazoipa nguvu tena, halafu tapu, yaani kile kisanduku chenye matundu ambamo kebo ya kila nyumba hujichomeka. Kebo ya nyumba hushuka hadi ukutani, hupita kwenye kiungo cha waya wa ardhi, pengine hugawanywa na splita, ndipo inafika kwenye modemu. Upande wa pili kuna CMTS, mtambo unaoongoza modemu zote za eneo.

Waya ni mmoja, njia ni mbili, na zinatenganishwa na masafa. Njia ya kupanda, yaani kutoka nyumbani kwenda mtamboni, kwa kawaida hutumia megahezi 5 hadi 42 katika mitandao ya Amerika Kaskazini na 5 hadi 65 katika ile ya Ulaya. Mitandao iliyoboreshwa huipandisha hadi 85 au hata 204. Njia ya kushuka inachukua masafa ya juu ya hapo, mpaka megahezi 1002 au 1218. Chaneli moja ya kushuka yenye upana wa megahezi 6 hubeba takriban megabiti 38 kwa sekunde. Yenye megahezi 8 hubeba takriban 50. Toleo la 3.0 liliunganisha chaneli nyingi zifanye kazi kama moja, na la 3.1 likaleta chaneli pana za OFDM (zinazogawanya data kwenye mawimbi madogo mengi), ambazo moja peke yake inaweza kufikia megahezi 192.

Njia ya kupanda ndiyo dhaifu, na mtu akilielewa hilo ameelewa nusu ya hitilafu zote za intaneti ya kebo. Masafa yake ya chini yamejaa kelele: redio za masafa mafupi, mota, chaja mbovu, taa za bei rahisi. Kibaya zaidi, kelele za nyumba zote za mtaa hukutana kwenye nodi moja kama vijito vinavyomwagika katika mto mmoja, na CMTS hulazimika kusikiliza modemu yako katikati ya mchanganyiko huo. Kelele ya njia ya kushuka inaweza kuwa shida ya nyumba moja. Ya njia ya kupanda ni shida ya mtaa mzima, hata kama chanzo chake ni konekta moja iliyolegea kwa jirani usiyemfahamu.

Hatua ya 1: ondoa Wi-Fi kwenye hesabu

Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye modemu au ruta kwa waya wa Ethaneti, kisha tumia intaneti kama kawaida. Kama tatizo limetoweka, kebo haina kosa. Shughulika na Wi-Fi na usisome zaidi. Kama lipo vilevile, endelea. Nasisitiza hatua hii kwa sababu mafundi wengi huitwa kushughulikia kebo isiyo na kosa lolote, kumbe ruta imefichwa nyuma ya friji.

Hatua ya 2: tazama modemu inavyoamka

Hapa kuna sababu halali ya kuizima, lakini piga picha kwanza ukurasa wa vipimo (maelezo yake yako hatua ya 3). Kisha izime, iwashe, na uangalie taa zake.

Modemu huanza kwa kutafuta chaneli ya kushuka. Taa ya kushuka humeta, na kazi hii inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ikimeta bila kukoma, modemu haioni signali: kebo imechomoka, imekatika, au huduma ya eneo zima imezimika.

Ikishaipata, huanza kujitambulisha kwa mtambo. Hutuma ombi kwa nguvu ndogo. Lisipojibiwa huongeza nguvu kidogo na kutuma tena, mpaka CMTS iisikie na kuirekebishia nguvu, masafa na muda. Taa ya kupanda ikikwama kwenye kumeta, shida ni ya njia ya kupanda, hata kama televisheni inaonekana safi kabisa kupitia kebo hiyohiyo.

Baada ya hapo modemu huomba anwani ya IP kwa DHCP (utaratibu wa kugawa anwani) na kupakua faili la mipangilio lenye kasi ya kifurushi chako, kisha husajiliwa. Taa mbili za kwanza zikitulia lakini ya intaneti ikakataa, usihangaike kukaza konekta. Mara nyingi hapo kosa ni la akaunti au usajili wa modemu, na atakayelitatua ni mtoa huduma.

Hatua ya 3: soma namba

Fungua kivinjari na uandike 192.168.100.1. Hiyo ndiyo anwani ya modemu nyingi za kebo. Modemu iliyounganishwa na ruta katika boksi moja inaweza kutumia anwani nyingine, na imeandikwa kwenye kibandiko chake. Tafuta ukurasa wa hali ya kebo. Utakuta jedwali mbili, ya chaneli za kushuka na ya chaneli za kupanda.

Nguvu hupimwa kwa dBmV. Sifuri ya kipimo hiki ni millivolti moja, kwa hiyo namba hasi si kosa. Ni signali iliyo chini ya millivolti moja. Kila desibeli 3 zikipungua, nguvu imekatika nusu.

Nguvu ya kushuka inakubalika kati ya −15 na +15. Hayo ni mapana ya kanuni. Kwa uzoefu wa mafundi, ukikaa kati ya −7 na +7 una nafasi ya kupumua siku ya joto, kwani upotevu wa kebo huongezeka joto linapopanda.

Ubora wa signali huandikwa SNR au MER, kwa desibeli. Kwa chaneli za kawaida za 256-QAM (QAM ni namna ya kupakia data kwenye signali; namba kubwa hubeba zaidi), 33 kwenda juu ni salama na 36 hadi 40 ni nzuri. Ukiona 30 au chini yake, makosa yatakuwa yameanza kuingia. Chaneli ya OFDM ikitaka kufikia 4096-QAM inahitaji kama 41, ila ikikosa hushuka daraja na kuendelea kufanya kazi polepole zaidi, bila kukatika.

Nguvu ya kupanda ni kinyume cha unavyotarajia: hiyo ni nguvu ambayo modemu *inatumia* ili isikike, na siyo inayopokea. Namba kubwa maana yake inajikaza. Kati ya 35 na 49 ni sawa. Ukiona 50 au 51 ujue inakaribia ukomo wake, hasa ikiwa imeunganisha chaneli nne za kupanda, na ikishafika ukomo haina tena pa kuongezea. Upotevu mdogo ukizidi njiani, inapotea hewani.

Sasa tazama jedwali zima kwa pamoja, maana mpangilio wa namba unaeleza kuliko namba moja. Chaneli za masafa ya juu zikiwa dhaifu kuliko za chini kwa mteremko uliolingana, kebo ni ndefu mno, ni ya zamani, au imenyonya maji. Chaneli chache za katikati zikizama peke yake huku jirani zake zikiwa nzima, kuna kebo iliyobinywa au konekta iliyoharibika. Nguvu ikiwa nzuri lakini ubora umeanguka kwenye chaneli chache za masafa yanayotumiwa pia na minara ya simu, kinga ya kebo imefunguka mahali na mawimbi ya simu yanaingia.

Kuna pia alama moja inayopotosha watu wengi: njia ya kushuka safi kabisa, ya kupanda imefika 51. Je, waya uleule unawezaje kupitisha upande mmoja na kukataa mwingine? Waya wa kati unapogusana vibaya na konekta, au ukiwa na kutu, ule uwazi mdogo hufanya kazi kama kapasita. Masafa ya juu huuruka bila shida, ya chini huzuiwa. Kwa hiyo televisheni inaonekana, kupakua kunakwenda, lakini simu za video zinakwama na modemu inapoteza mtambo. Ukiona picha hiyo, tafuta konekta na usihangaike na kingine.

Mwisho, angalia safu ya makosa. Yapo yaliyosahihishwa na yaliyoshindikana, ambayo kwenye kurasa nyingi huandikwa Uncorrectables. Ya kwanza si ya kutisha, na kwenye chaneli ya OFDM huwa mengi sana hata signali ikiwa nzuri. Yaliyoshindikana ndiyo data iliyopotea kwelikweli. Jumla peke yake haikuambii kitu; iandike, subiri saa moja, isome tena. Kinachotakiwa ni kujua inaongezeka au imetulia.

Hatua ya 4: soma kumbukumbu za matukio

Ukurasa wa matukio una maneno mengi, lakini tafuta kwanza T3 na T4.

T3 maana yake modemu ilituma ombi la kurekebishwa na haikujibiwa. Moja moja kwa siku ni kawaida. Zikifuatana 16, modemu hukata tamaa na kuanza kujisajili upya, na wewe unaona intaneti imekatika kwa dakika moja au mbili. Linganisha T3 na nguvu ya kupanda. T3 nyingi pamoja na nguvu ya 50 na zaidi: signali inapotea njiani, pengine ndani ya nyumba yako. T3 nyingi huku nguvu ikiwa 42 na imetulia: modemu inapaza sauti ya kutosha ila kelele za mtaa zinaizima, na hapo hakuna utakachokaza nyumbani kikasaidia, isipokuwa kama kelele hiyo inatoka kwako.

T4 ni tofauti. CMTS hutakiwa kuipa kila modemu nafasi ya kujirekebisha angalau kila sekunde 30; nafasi hiyo isipofika, modemu huandika T4 na kuanza upya. Mara nyingi inamaanisha njia ya kushuka imekatika ghafla, au mtambo umekuwa na matengenezo.

Andika saa za matukio kando ya hali ya hewa. Yakija na upepo, kuna kiungo kinachocheza nje. Yakija baada ya mvua na kudumu siku mbili tatu, maji yameingia kwenye kebo. Mchana wa jua kali tu: kuna kipande kinachofanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake.

Hatua ya 5: fuata kebo kwa mikono

Tahadhari kwanza. Usifungue tapu, nodi wala kisanduku chochote cha mtaani. Kebo kuu za nje hubeba umeme wa volti 60 hadi 90 wa kuendesha amplifaya, na ni mali ya mtoa huduma. Ukihisi mtetemo wa umeme unapogusa konekta yako, acha mara moja na umwite fundi umeme, kwa kuwa huenda umeme wa nyumba unatafuta njia ya kurudi kupitia koaksi. Wala usishike kebo wakati wa radi.

Fungua konekta ya nyuma ya modemu na uitazame kwa karibu, kwenye mwanga. Waya wa kati uwe umenyooka, unang'aa rangi ya shaba, na umejitokeza milimita mbili au tatu nje ya ukingo wa konekta. Ukiwa mfupi haufiki ndani ya soketi. Ukiwa umepinda utabana upande mmoja na kuachia upande mwingine. Kisha chungulia ndani: utando mweupe wa plastiki uwe sawa na sakafu ya konekta, na kusiwe na hata unywele mmoja wa waya wa kinga unaogusa waya wa kati. Rangi ya kijani au unga mweupe ni kutu, na kutu haifutwi kwa kitambaa. Konekta inakatwa na kuwekwa mpya ya kubana kwa koleo maalumu. Zile za kuzungusha kwa mkono kwenye kebo sizipendekezi kwa yeyote, kwa sababu hulegea na kuwa mlango wa kelele.

Ukirudisha, kaza kwa vidole, halafu ongeza kidogo kwa spana ya milimita 11. Kwenye modemu usitumie nguvu, soketi yake inaweza kung'oka kwenye bodi.

Sasa splita. Ya njia mbili hupunguza takriban desibeli 3.5 kila upande, ya njia nne takriban 7, na hupunguza pande zote, kushuka na kupanda. Chukua modemu inayosoma −11 ya kushuka, ubora 32, na kupanda 51, iliyowekwa nyuma ya splita ya njia nne ambayo matundu mawili hayatumiki. Iondoe na uunganishe kebo mbili moja kwa moja kwa kiungo. Kushuka kutapanda hadi karibu −4, na CMTS itaiambia modemu ipunguze sauti hadi karibu 44. Namba zote mbili zimesogea kiasi kilekile, na intaneti iliyokuwa ikikatika inatulia bila kununua kitu. Kama unahitaji televisheni pia, weka splita ya njia mbili badala ya nne. Soma maandishi yake: inatakiwa ianzie megahezi 5 na kufika angalau 1002. Ile ya dishi iliyoandikwa 950–2150 haipitishi masafa ya modemu. Tundu lisilotumika lifungwe kwa kizibo cha ohm 75.

Na usikimbilie kununua amplifaya ya nyumbani. Inaongeza signali pamoja na kelele iliyokwisha kuingia, kwa hiyo ubora haupandi, na baadhi yake hazipitishi njia ya kupanda kabisa.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki: beba modemu mpaka pale kebo inapoingia nyumbani, iunganishe hapo bila splita wala waya wa ndani, na usome namba. Zikiwa nzuri hapo na mbaya chumbani, kosa ni lako, nalo liko katikati ya sehemu hizo mbili. Zikiwa mbaya hata hapo, usitumie pesa yako zaidi.

Hatua ya 6: namba ni nzuri lakini intaneti ni nzito

Hili hutokea, na halihusiani na konekta. Chaneli za mtaa zinagawanywa kwa nyumba zote za nodi moja. Pima kasi kwa waya alfajiri, kisha usiku watu wanapotazama video, kwa siku kadhaa. Kasi ikianguka saa zilezile kila siku huku nguvu, ubora na makosa vikiwa vilevile, mtaa umejaa. Dawa yake ni mtoa huduma kuongeza chaneli au kugawa nodi, na kubadilisha modemu husaidia tu kama yako ni ya zamani na inatumia chaneli chache kuliko zilizopo.

Kama uzito unakuja pale tu mtu nyumbani anapopakia faili kubwa au kuhifadhi picha mtandaoni, foleni ya njia ya kupanda imejaa ndani ya modemu. Anzisha ping (kipimo cha muda wa ujumbe kwenda na kurudi) huku upakiaji ukiendelea. Ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi mamia, punguza kasi ya kupakia kwenye ruta iwe chini kidogo ya ile ya kifurushi. Modemu za DOCSIS 3.1 zina mbinu ya kudhibiti foleni hiyo zenyewe, na hapa ndipo naona zina thamani kubwa kuliko kwenye kasi inayotangazwa.

Hatua ya 7: mwite fundi ukiwa na ushahidi

Ukisema "intaneti inasumbua" utaambiwa uzime na kuwasha. Sema hivi: "Kupanda ni 51, T3 ni nyingi tangu jana jioni, nimepima kebo inapoingia nyumbani bila splita na namba ni zilezile." Maneno hayo yanamwonyesha anayekuhudumia kwamba hatua za nyumbani zimekwisha na kazi iko kwenye tapu au kebo ya nje. Uliza pia kama modemu nyingine za nodi yako zina T3. Yeye anaweza kuziona, wewe huwezi.

Fundi akifika, mwonyeshe picha za ukurasa kabla hajazima modemu. Kabla hajaondoka, fungua 192.168.100.1 mbele yake, piga picha namba mpya, na muulize amebadilisha kipande gani. Rudia kusoma baada ya siku moja, na tena baada ya mvua ya kwanza. Yaliyoshindikana yakianza kuongezeka tena, piga simu siku hiyohiyo ukitaja kazi iliyofanyika, wakati rekodi yake bado ni mpya.